DAFTARI NA MALISHO YA SHIRIKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imetutaka tuseme neno jioni hii juu ya jambo litakalowafaa makarani, nasi tumechagua jambo ambalo mtu akilisikia jina lake tu ataliona liko mbali nasi, nalo ni fedha ambazo Serikali ya Uingereza imekuwa ikiwalipa wafugaji kwa ajili ya haki zao za kulisha wanyama katika ardhi ya shirika. Huenda wengine wenu wakauliza, "Kondoo wa Mwingereza watuhusu nini sisi?" Twajibu kwamba kondoo hawatuhusu sana, bali daftari latuhusu. Maana katika habari hii tutaona jinsi hesabu zilizoandikwa na makarani kwa muda wa miaka mitatu zilivyokuja kugawa fedha nyingi miaka 35 baadaye, zikampa huyu na kumnyima yule, hali wale walioziandika hawakudhani hata kidogo kwamba kalamu zao zafanya kazi hiyo.

Kwanza yatupasa kufahamu ardhi hii ni ardhi ya namna gani. Watu wengi hudhani kwamba ardhi ya shirika ni ardhi isiyo na mwenyewe, au kwamba ni mali ya watu wote. Sivyo. Kila kipande kina mwenyewe, naye aweza kuwa bwana mkubwa wa kale, au halmashauri ya mji, au chama cha kuhifadhi nchi. Lakini juu ya ardhi ya mtu huyo watu wengine wana haki zao, naye hawezi kuwazuia. Iko haki ya kulisha ng'ombe, kondoo na farasi. Iko haki ya kukata kuni. Iko haki ya kuchimba ule udongo mweusi wa kinamasi ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Iko haki ya kufungulia nguruwe msituni wale matunda yaliyoanguka. Na iko haki ya kuvua samaki. Na kwa desturi haki ya kulisha haikuwa ya mtu mwenyewe, bali ilikuwa ya shamba lake. Aliyenunua shamba bondeni alinunua pamoja nalo haki ya kupandisha wanyama mlimani.

Katika England ardhi ya namna hii ni kama 3 katika kila 100 za nchi yote, na katika Wales yapita 8 katika kila 100. Sehemu kubwa ni milima na nyanda za juu zenye upepo na mvua, kama zile za Cumbria, za Yorkshire, na Dartmoor katika Devon, mahali ambapo jembe halina kazi.

Zamani ilikuwa kubwa zaidi. Tangu sheria ya Merton ya mwaka 1235 wenye ardhi walipewa ruhusa ya kuzungushia ua sehemu za malisho, maadamu wamewaachia wapangaji wao malisho ya kutosha. Baadaye kazi hiyo ilifanywa na Bunge lenyewe. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua, zikafunga eka kama milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano za England. Watu maskini waliokuwa na ng'ombe mmoja au bata wachache, wasiokuwa na hati mkononi, walipoteza kilichowalisha. Basi haya malisho tunayoyataja leo ni mabaki ya karamu ile.

Sasa tazameni jinsi wanyama walivyohesabiwa hapo kale. Kanuni ilikuwa hii, kwamba mtu asipeleke mlimani wanyama wengi kuliko wale ambao shamba lake laweza kuwalisha wakati wa baridi, majani yanapokauka na theluji kuanguka. Haikuandikwa nambari. Baridi ndiyo iliyokuwa karani, wala karani huyo hakupokea rushwa. Mwenye nyasi nyingi za kukausha alikuwa na wanyama wengi. Mwenye chache, wachache. Na mlima ukapumzika.

Katika mwaka 1955 Serikali iliteua Tume ya Kifalme kuchunguza habari za ardhi ya shirika, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1958. Kutokana na taarifa ile Bunge likapitisha Sheria ya mwaka 1965, iliyoagiza kwamba kila malisho ya shirika na kila haki juu yake iandikwe katika daftari. Daftari lilikuwa na sehemu tatu: sehemu ya ardhi, sehemu ya haki, na sehemu ya wenye ardhi. Maombi yalianza kupokewa mwezi wa Januari 1967, na mlango ukafungwa mwaka 1970. Haki ambayo haikuandikwa ilikufa. Misitu michache, kama New Forest, ilisamehewa sheria hii kwa kuwa ilikuwa na desturi na mabaraza yake yenyewe.

Nia ya sheria hii ilikuwa njema. Sisi makarani twajua ile methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini angalieni yaliyotukia. Sheria ilitaka nambari kamili: ng'ombe wangapi, kondoo wangapi. Basi mfugaji ambaye baba yake na babu yake walihesabiwa na baridi sasa aliketi mbele ya karatasi, na karatasi ikamwuliza swali ambalo hakuna aliyepata kumwuliza. Alitazama jirani yake, akafikiri, "Nikiandika 50 naye akaandika 100, nimekwisha." Naye jirani akafikiri vivyo hivyo. Wengi wakaandika nambari kubwa, na kama hakutokea mtu wa kupinga, nambari ile ikathibitishwa, ikawa ndiyo haki. Yako malisho ambayo ukijumlisha haki zote zilizoandikwa utapata wanyama wengi kupita kiasi ambacho mlima ule waweza kulisha. Wako na wengine ambao hawakuandika kitu, ama hawakusikia tangazo, ama walisema moyoni, "Kila mtu hapa ajua kwamba sisi twalisha mlima huu." Kila mtu alijua, lakini daftari halikujua.

Tena likatokea jambo jingine. Katika mwaka 2001 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa ndilo mahakama ya mwisho ya nchi, liliamua shauri la malisho yaitwayo Twelve Men's Moor katika nyanda za Bodmin, huko Cornwall. Malodi walisema kwamba kwa kuwa haki sasa imekuwa nambari iliyoandikwa, wala haipimwi tena kwa nyasi za shamba, basi yaweza kutenganishwa na shamba na kuuzwa peke yake. Bunge lilifunga mlango huo kwa Sheria ya mwaka 2006, ikahesabiwa tangu tarehe 28 Juni 2005, isipokuwa kwa mambo machache yaliyoruhusiwa. Lakini haki zilizokwisha kutengwa kabla ya tarehe ile hazikurudi. Kwa hiyo wapo wenye haki juu ya mlima ambao hawana shamba chini yake.

Hiyo ndiyo hali ya daftari. Sasa na tuje kwenye fedha.

Msaada kwa wafugaji wa milimani ulianza wakati wa Vita Kuu ya pili, nchi ilipohitaji nyama na sufu, na Sheria ya Kilimo cha Milimani ya mwaka 1946 ikauendeleza. Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 ilifuata kanuni za Jumuiya, na tangu mwaka 1980 mfugaji alilipwa kila mwaka kwa hesabu ya kondoo majike aliokuwa nao. Malipo ya kwa kichwa ni rahisi kuyafahamu, na matokeo yake pia ni rahisi kuyafahamu. Ukimlipa mtu kwa kondoo, atafuga kondoo. Milima ikajaa, mimea ya asili ikaliwa hadi mizizi, na mahali pengine udongo ukaanza kuchukuliwa na mvua. Wafugaji hawakuwa watu wabaya. Walifanya kama hundi ilivyowaagiza.

Katika mwaka 2003 nchi za Ulaya zilikata shauri kutenganisha fedha na idadi ya wanyama, na tangu mwaka 2005 mfugaji alilipwa kwa hektari za ardhi aliyo nayo. Kwa mwenye shamba lenye ua jambo ni jepesi: pima shamba, zidisha, lipa. Lakini mfugaji wa malisho ya shirika ana hektari ngapi? Hana hata moja. Ana haki ya kondoo kadha wa kadha juu ya mlima wa mtu mwingine. Hapo ofisi ya malipo ikafungua lile daftari la 1967 hadi 1970, lililoandikwa kwa kusudi jingine kabisa, ikasema, "Tutaugawa mlima kwa karatasi kwa kadiri ya haki zilizoandikwa humu."

Tutoe mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Yako malisho ya hektari 1,000, na haki zote zilizoandikwa ni sawa na ng'ombe 100. Mtu wa kwanza ana haki ya ng'ombe 10, naye yuko mlimani kila siku, jua na mvua. Mtu wa pili ana haki ya 30, kwa sababu baba yake aliandika nambari kubwa, lakini mlimani hana hata mnyama mmoja. Mtu wa tatu ana haki ya 40, akaa mji wa mbali, wala haombi malipo. Zile 20 zilizobaki ni za majirani waombao. Kwa kanuni ya kwanza, iliyotumika tangu 2005 hadi 2014, haki zote zilihesabiwa, zilizoombewa na zisizoombewa. Mtu wa kwanza alihesabiwa hektari 100, wa pili 300, na zile 400 za mtu wa tatu hazikulipiwa mtu ye yote. Wafugaji wakalalamika kwamba mlima umelishwa wote na malipo hayakufika yote. Tangu mwaka 2015 kanuni ikageuzwa, zikahesabiwa haki za walioomba tu, yaani 60. Mtu wa kwanza akapata hektari 166, na wa pili akapata 500.

Tazameni hesabu hiyo vizuri, waungwana. Mchungaji ameongezewa 66, na asiyechunga ameongezewa 200. Wala hakuna aliyevunja sheria. Kwa kuwa malipo yalikwisha kutenganishwa na idadi ya wanyama, mtu wa pili, akitimiza masharti mengine, hakulazimishwa kuwa na kondoo mlimani. Kila karani alizidisha na kugawanya sawasawa. Kosa halikuwamo katika hesabu, lilikuwamo katika kile kilichohesabiwa.

Mtu aweza kusema, "Basi wangalihesabu wanyama walioko kweli." Katika New Forest jambo hilo lilijaribiwa, maana huko haki haina nambari. Kila mwenye haki hulipa ada kwa kila mnyama, na watumishi wa baraza la msitu humkata farasi nywele za mkia kwa namna maalumu, iwe alama kwamba ada yake imelipwa. Malipo ya hektari yalipokuja, msitu uligawanywa kwa kufuata ada hizo. Idadi ya wanyama waliolipiwa ikapanda, na wengi walisema kwamba fedha zile ni sababu mojawapo. Basi twaona mashimo mawili, moja kulia na moja kushoto. Ukilipa kwa daftari la kale, utamlipa asiyefanya kazi. Ukilipa kwa kichwa cha mnyama, utaichosha ardhi.

Tena si haki kusahau kazi yenyewe ni kazi gani. Milima mingi ya shirika haina ua kati ya kundi na kundi. Kinachomzuia kondoo asihame ni kwamba amelelewa na mama yake katika sehemu ile, akaijua, naye atamfundisha mwanawe. Kundi la namna hiyo haliuzwi bure bure, maana ukiliondoa, elimu ile yaondoka pamoja nalo, na kundi geni litatangatanga mlima mzima. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, na Cumbria iliumia kuliko mahali pote. Ndipo watu wengi walipotambua kwamba kurudisha kondoo ni rahisi, lakini kurudisha kondoo waujuao mlima ni kazi ya miaka mingi. Na mchungaji mmoja akiacha kazi, jirani zake huumia pia, kwa kuwa kondoo wao hupotelea katika sehemu iliyoachwa wazi, na siku ya kuwakusanya mikono imepungua.

Pamoja na malipo ya hektari ziko fedha za kutunza mimea, ndege na maji. Katika ardhi ya shirika fedha hizi hulipwa kwa mapatano. Wenye haki hukubaliana ni wanyama wangapi watakaopelekwa mlimani na kwa majira gani, kisha hugawana malipo wao kwa wao: mchungaji hupewa sehemu kwa kazi yake, na asiyepeleka wanyama huweza kupewa sehemu kwa kukubali kuendelea kutowapeleka. Hapa ndipo urafiki wa vijiji ulipojaribiwa. Mchungaji asema, "Wewe walipwa kwa kukaa nyumbani." Mwenziwe ajibu, "Nikiitumia haki yangu yote, hutapata majani." Nao wote wawili wasema kweli. Palipokuwa na chama chenye nguvu, mapatano yalipatikana. Dartmoor ina baraza lake la wenye haki kwa Sheria ya mwaka 1985, na Sheria ya 2006 iliruhusu mabaraza ya namna hiyo kuundwa mahali pengine, la kwanza likawa la Brendon mwaka 2014. Pasipokuwa na chama, mtu mmoja mkaidi aliweza kuwakosesha wote.

Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na mwaka ule ule Bunge likapitisha Sheria mpya ya Kilimo. Huko England malipo ya hektari yalianza kupunguzwa mwaka 2021. Mwaka 2024 yalitenganishwa hata na ardhi yenyewe, mtu akalipwa kwa kufuata alichopokea katika miaka ya 2020 hadi 2022, hata kama ameacha kulima. Mwaka 2025 yakakatwa sana. Na imepangwa kwamba baada ya mwaka 2027 hayatakuwapo tena. Badala yake Serikali imesema italipa kwa kazi za kutunza nchi. Lakini mwezi wa Machi 2025 mpango mmoja mkubwa katika hiyo mipya ulifungwa ghafula kwa waombaji wapya, na wafugaji waliokuwa wakitayarisha maombi yao wakaachwa nje. Kwa wa malisho ya shirika jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa mwenye shamba huamua peke yake jioni moja, bali wao hawana budi kwanza kuwakusanya wenzao wote.

Wenzetu, kwa nini tumeyasema haya yote? Kwa sababu nchi zetu nazo zina malisho ya shirika, na madaftari yake yaandikwa na watu kama sisi. Kenya ilipitisha mwaka 1968 sheria ya kuandikisha mashamba ya ufugaji ya pamoja, hasa katika nchi ya Wamasai. Mashamba hayo yalipokuja kugawanywa, aliyekuwamo katika orodha ya wanachama alipata kipande, na asiyekuwamo, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke au kijana, alibaki akitazama. Sheria mpya ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 nayo yataka orodha ya wanajamii. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaagiza halmashauri ya kijiji kuwa na daftari la ardhi ya shirika. Leo huenda daftari hilo likaonekana ni karatasi tu kabatini. Lakini siku itakapokuja fedha, iwe ya mbuga za wanyama, iwe ya miti, iwe ya barabara, ofisi ya malipo haitakwenda mlimani kuuliza nani achunga. Itafungua kabati.

Kwa hiyo twathubutu kutoa mashauri matatu. La kwanza: unapoandika nambari, uliza nambari hii imepimwa kwa nini. Nambari iliyotoka katika hofu ya jirani si kipimo cha nyasi. La pili: daftari lisifungwe milele. Sheria ya 2006 iliweka njia ya kusahihisha makosa ya 1965, lakini njia hiyo ilifunguliwa kwanza katika sehemu saba tu za England mwaka 2008, na kwa Cumbria na North Yorkshire mwaka 2014. Haikufunguliwa kwa nchi yote. Mtu aliyeachwa nje kwa kosa la karatasi alingoja miaka zaidi ya 35 kabla hajapewa hata mahali pa kupeleka malalamiko yake. Fundi mwema huacha mlango wa kutengenezea. La tatu: malipo yafuate kazi, na kazi ishuhudiwe na wale wanaoishi nayo. Wenye haki wenyewe, katika baraza lao, wajua ni nani aliyekuwapo siku ya kukusanya kondoo. Karani mwenye busara huandika ushuhuda huo pembeni mwa nambari, asiiache nambari isimame peke yake.

Hatusemi kwamba daftari ni baya. Waliozungushiwa ua zamani walipotea kwa kukosa hati, nasi hatutaki kurudi huko. Twasema tu kwamba daftari ni chombo chenye makali, nasi ndio tulioshika mpini.

Bwana Mwenyekiti, twaishia hapa. Sasa twafungua mlango kwa maswali. Swali la kwanza twaliuliza sisi wenyewe, kila mmoja alichukue mpaka ofisini kwake kesho asubuhi: katika daftari lililo juu ya meza yako, ni nani ambaye kila mtu amjua, bali daftari halimjui?